Kumtolea baba sauti kwenye video

Shangazi yangu haoni tena. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, jicho la kushoto likatangulia, la kulia likafuata, na sasa anachoweza kutofautisha ni mwanga wa dirishani na giza la ukutani. Kinachomfariji kutwa ni redio yake ya CD, ya zamani, yenye mfuniko unaofunguka kwa juu na vitufe vikubwa ambavyo vidole vyake vimeshavizoea. Simu za kioo zinamshinda. Kioo chote ni laini, hakuna mahali pa kidole kujishikiza. Kwa hiyo aliponiambia, "Mwanangu, nasikia ile video ya kaka unayo wewe. Nitolee maneno yake niyasikilize kwenye redio yangu," sikutaka hata kumshawishi atumie kifaa kingine.

Video ni ya mkutano wa familia. Baba amekaa mezani anasimulia habari za ukoo, dakika 94, maikrofoni ndogo imebanwa kwenye shati lake. Baba alishatangulia mbele ya haki, na kumbukumbu ndefu ya sauti yake tuliyobaki nayo ni hiyo tu. Nilimwambia shangazi asubiri hadi jioni. Kazi ilinichukua wiki tatu na CD kadhaa, na ninaandika haya kwa sababu najua wako wengi wenye video kama hiyo na mtu kama shangazi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa jina. Faili lilikuwa na mwisho wa mp4, nami nikafuta 4 nikaandika 3. Nilipolifungua kwenye VLC, programu ya kuchezea video na sauti, sauti ikatoka vizuri, nikaamini kazi imekwisha. VLC haijali jina la faili, inatazama kilichomo ndani, ndiyo maana ilikubali kulicheza. Faili la MP4 ni kama sanduku: ndani yake mna mkondo wa picha, mkondo wa sauti, na pengine maandishi ya tafsiri. Kubadilisha jina ni kubandika lebo nyingine juu ya sanduku lilelile, na picha imo vilevile. Ningetazama tu ukubwa wa faili ningejua, maana haukupungua hata kidogo.

Nikarudi VLC, nikabonyeza Ctrl na R ili kubadilisha faili, nikachagua MP3. Safari hii faili likapungua kweli, picha haimo. Nikaliburuta kwenye CD tupu, nikachoma, nikampelekea. Redio ikaizungusha, ikanyamaza, ikazungusha tena, kisha ikasimama. Shangazi alikuwa ameweka kiganja juu ya mfuniko, anausikia mtetemo. "Imekataa," akasema, kabla sijasema mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwamba neno CD lina maana mbili. Kuna CD ya data, ambayo ni ghala la mafaili: unaweza kuweka MP3, picha, barua, chochote, na ni lazima kifaa kinachosoma kijue kufungua faili. Na kuna CD ya muziki, ile iliyowekewa kanuni na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980. Hii haina mafaili kabisa. Ina orodha fupi mwanzoni inayosema traki fulani inaanzia wapi, halafu ni sauti tupu mwanzo hadi mwisho, sampuli (yaani vipimo vidogo vya wimbi la sauti) 44,100 kila sekunde kwa sikio la kushoto na idadi hiyohiyo kwa la kulia, kila sampuli biti 16. Redio ya shangazi inajua lugha hiyo moja tu. Redio nyingi mpya zinajua zote mbili, na hilo ndilo linalotuchanganya, maana CD ya MP3 uliyoijaribu kwenye gari inaweza kukataa kabisa kwenye redio ya mzee wako. Programu za kuchomea huwa zinakuuliza mwanzoni kama unataka CD ya data au ya muziki. Swali hilo lina uzito kuliko yote yanayofuata, na mimi nilikuwa nalipita bila kulisoma.

CD ya tatu nikaichoma kama ya muziki, nikitumia kipande cha mwanzo cha ileile MP3. Ikacheza! Shangazi akasikiliza dakika kama tano hivi akauliza, "Mbona meno yanamchakacha?" Alikuwa sahihi. Kila baba alipotamka "s" au "sh" palikuwa na mchakacho kama karatasi ya nailoni. Sababu yake ni kwamba sauti iliyomo kwenye MP4 kwa kawaida imeshabanwa, na kubanwa huko kunatupa sehemu ya sauti ambayo sikio linadhaniwa halitaikosa. Mimi nikaibana mara ya pili kuwa MP3, ikatupa tena. Kilichotupwa hakirudi, hata ukija kuifungua sauti hiyo iwe kubwa kiasi gani kwa ajili ya CD. Dawa ni kutoka kwenye video moja kwa moja hadi WAV, ambayo haibani kitu, bila kupitia MP3 njiani. Ninatumia FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video na sauti kwa kuandika amri, na amri yenyewe ni mstari mmoja:

ffmpeg -i mkutano.mp4 -vn -ac 2 -ar 44100 -c:a pcm_s16le mkutano.wav

Sehemu ya -vn inasema acha picha. Ile ya -ac 2 inataka njia mbili za sauti, -ar 44100 ni idadi ya sampuli kwa sekunde, na pcm_s16le ni biti 16 zisizobanwa. Yaani unaipa CD kile hasa inachokula. Mtu asiyependa kuandika amri anaweza kufungua video kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, mradi ameiunganisha na maktaba ya FFmpeg, na akatoa WAV hiyohiyo kwa kubonyeza.

Hiyo 44100 isipite hivihivi, kwa sababu iliniumiza. Video nyingi hubeba sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, CD inataka 44,100. Kabla sijaijua ile amri nilikuwa nimefungua sauti kwenye Audacity, nikaona 48,000, nikaingia kwenye menyu ya ile traki nikaweka 44,100 kwa mkono. Nilidhani nimeibadilisha. Kumbe niliiambia programu tu kwamba sampuli zilezile zichezwe polepole zaidi. Baba akaanza kuongea kwa sauti nzito, ya kuchoka, kama siku zake za mwisho hospitalini, na mimi kwa dakika kadhaa nilikaa pale nimeinamisha kichwa nikidhani ndivyo alivyokuwa siku ile ya mkutano, nimesahau tu. Kilichonizindua ni saa. Dakika 94 zilikuwa zimekuwa 102. Kubadilisha kwa kweli ni kuhesabu upya sampuli zote ili muda ubaki uleule, na FFmpeg inafanya hivyo yenyewe. Tangu siku hiyo sianzi kusikiliza kabla ya kulinganisha urefu wa WAV na urefu wa video. Zikipishana hata kwa dakika moja, kuna kitu hakiko sawa.

Baadaye nilisoma mahali idadi hiyo ilikotoka, nikafurahi kama mtoto. Enzi CD inabuniwa, sauti ya kidijitali ilikuwa ikihifadhiwa kwenye kanda za video, sampuli tatu katika kila mstari wa picha. Katika mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani, mistari 245 mara 60 kwa sekunde mara tatu inakupa 44,100. Katika mfumo wa Ulaya, mistari 294 mara 50 mara tatu inakupa jibu lilelile. Kwa hiyo hesabu ya CD ilizaliwa ndani ya kanda ya video, na mimi nilikuwa natoa sauti kwenye video kuipeleka kwenye hesabu hiyo.

Sasa nina WAV safi. Nikavaa spika za masikioni, na kwa mara ya kwanza nikamsikiliza baba bila kumtazama. Sauti yake yote ilikuwa sikio la kushoto! Kulia mlikuwa na mvumo wa chumba tu. Ile maikrofoni ya shati ilikuwa imeingia njia moja ya kamera, na miaka yote tuliyoitazama video ile kwenye simu na televisheni hakuna aliyegundua, kwa sababu macho yalikuwa yanaona midomo ikicheza na akili inaijazia sauti mahali pake. Shangazi angekaa upande wa kulia wa redio yake asingesikia kitu cha maana. Kwenye Audacity nikaitenganisha traki kuwa mbili, nikafuta ya kulia, nikaifanya ya kushoto itoke pande zote.

Halafu nikaingiwa na tamaa ya kusafisha. Audacity ina kifaa cha kupunguza kelele: unakionyesha kipande chenye mvumo mtupu, kinajifunza, kisha kinauondoa kila mahali. Kwa kipimo kidogo kinasaidia. Nilikikaza hadi baba akawa anaongea kama yuko ndani ya mtungi wa maji. Nikarudisha nyuma, nikaondoa kelele kidogo tu, mvumo wa chumba nikauacha uwepo kwa chini. Sauti nikaipandisha mpaka kilele chake kikawa desibeli moja chini ya ukomo, kwa sababu ukigusa ukomo wenyewe wimbi linakatwa kichwa na inasikika kama spika imepasuka.

Tamaa ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Katika simulizi ile baba ananyamaza mara nyingi. Kwenye video hushtuki, unamwona akivua miwani, akiifuta kwa ncha ya shati, akiifungia kwenye kibweta chake, akikitazama, akikifungua tena. Ukiondoa picha, ni sekunde kumi na moja za ukimya. Nikadhani msikilizaji atafikiri redio imekwama. Nikakata kimya baada ya kimya, nikaokoa karibu dakika tisa, nikajisifu kwamba simulizi sasa inatiririka.

Shangazi alisikiliza sehemu ya kwanza, kwenye CD ya tano, akiwa ameinamisha kichwa upande. Hakungoja hata traki iishe.

"Nani anamkimbiza?"

"Hakuna anayemkimbiza, shangazi. Nimepunguza tu pale alipokuwa kimya."

"Alikuwa anafuta miwani, mwanangu. Kaka hakuwahi kutaja jina la marehemu bila kufuta miwani kwanza. Nirudishie."

Nilirudisha yote. Na niliporudi kusikiliza vile vimya kwa makini, nikagundua havikuwa vimya. Mna kitambaa kinachopita juu ya kioo, mna pumzi, na mwishoni mna mlio mdogo wa kibweta kikifungwa, tak. Mimi niliyekuwa ninaona sikuwahi kuusikia.

Ila kuna kitu ambacho ukimya haukuweza kukibeba, na hiki nakisema kwa kila anayetaka kufanya kazi hii. Video ina vidole. Mara nne katika simulizi ile baba anainua picha ya zamani na kusema, "Huyu hapa, na huyu aliyesimama nyuma yake." Anayeona anajua. Anayesikiliza anabaki na "huyu" na "huyu." Niliitazama video tena, nikaandika picha zile zinaonyesha akina nani, kisha nikarekodi kwa sauti yangu sentensi fupi nne na kuziweka mwanzoni mwa traki husika: hapa baba ameshika picha ya ndugu watatu mlangoni, wewe ndiye mdogo kushoto. Sikuziingiza katikati ya maneno yake. Nilitaka yake yabaki yake.

Ikabaki hesabu ya nafasi. CD tupu ya kawaida inachukua dakika 80 za muziki, hivyo dakika 94 lazima zigawanywe. Hapa nilichanganyikiwa kwa jambo lingine: kwenye CD imeandikwa megabaiti 700, na WAV ya stirio inakula karibu baiti milioni 10.6 kwa dakika, kwa mfano dakika 78 ni kama baiti milioni 825. Kwa hesabu ya mafaili hazienei, lakini zinaenea. Siri ni kwamba CD imegawanywa katika vipande vidogo, 75 kwa kila sekunde. Kipande kimoja kina nafasi ya baiti 2,352. Kwenye CD ya data, 2,048 tu ndizo za mafaili, nyingine zinalinda mafaili yasiharibike. CD ya muziki inazitumia zote 2,352 kwa sauti, kwa sababu kosa dogo kwenye sauti halimuumizi mtu kama kosa kwenye faili. Kwa hiyo acha kuangalia megabaiti, angalia dakika. Sikuijaza ya kwanza hadi ukingoni. Nilikata pale baba mwenyewe alipoomba maji, dakika ya 51, na zilizobaki zikaenda CD ya pili.

Ndani ya kila CD nikagawanya traki. CD inaruhusu hadi 99, na kwa mtu asiyeona traki ndiyo kurasa za kitabu: kitufe cha mbele, kitufe cha nyuma, basi. Simulizi la dakika 51 katika traki moja ni adhabu, ukilala usingizi katikati unaanza upya. Nikaweka alama Audacity kwa Ctrl na B kila habari mpya inapoanza, nikatoa kila kipande kama WAV yake. Kila mpito ukawa na kidonda: mdundo mdogo, tik, halafu ukimya wa sekunde mbili katikati ya simulizi. Sekunde mbili zinatoka kwenye namna ya kuchoma. Programu nyingi huweka pengo baina ya traki, na ukichagua kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja unaweza kuliondoa. ImgBurn kwa Windows na K3b kwa Linux zote zinafanya hivyo. Tik inatoka kwenye vile vipande 75. Kila kimoja kina sampuli 588 kamili, na traki yako ikiishia katikati ya kipande, programu inaweza kuijazia kwa ukimya, na sikio linaudaka mwanya huo. Audacity inaweza kulazimisha alama zako zikae kwenye mipaka ya vipande vya CD. Nikaweka hivyo, tik zikakoma.

Kuhusu CD yenyewe sitasema mengi. Usitumie CD ya kufutika na kuandika upya kwa redio ya zamani. Inarudisha mwanga kidogo sana kuliko CD ya kawaida, na jicho la redio nyingi za umri ule haliioni. Ile ya sita ilikataliwa kwa sababu hiyo. Nilichoma kwa mwendo wa kati, si ule wa juu kabisa. Na usibandike kitu juu yake. Nilitaka shangazi azitofautishe kwa kidole, nikaweka kibandiko kinene kwenye ya pili, ikawa inatetemeka redioni na kuruka maneno. Upande wa juu ndio dhaifu pia, sauti imelala chini tu ya ile rangi, na mkwaruzo wa juu unaua kuliko wa chini. Alama nikazihamishia kwenye kasha: la kwanza lina uzi wenye fundo moja, la pili mafundo mawili. Ile WAV nzima na video ya asili nimeziweka sehemu mbili tofauti, na kasha halikai dirishani, kwa sababu rangi ya CD ya kuchoma inaharibiwa na jua.

Mara ya mwisho sikupeleka CD nikaondoka. Nilikaa naye tukasikiliza zote mbili kwenye redio yake mwenyewe, si kwenye kompyuta yangu, kuanzia fundo moja hadi mawili. Siku ya pili nikamkuta amejifunza traki kwa hesabu. Alibonyeza kitufe cha mbele akihesabu kwa midomo bila kutoa sauti, moja, mbili, hadi tisa, akaacha. Baba akasema maneno machache, akanyamaza. Kitambaa kikapita juu ya kioo. Shangazi hakusogeza kidole chake kwenye kitufe.

"Sasa anamtaja mama," akasema.

Kibweta kikafungwa, tak, na baba akamtaja.